Maji ya Siku ya Saba

Jumatatu, 5 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini ulifika salama. Salamu ndiyo hiyo, imeisha.

Sikupigi simu kwa sababu kwenye simu unanichekesha, halafu nasahau nilichotaka kusema. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Kaa chini usome.

Ni mimi niliyekuita, sikatai. Mgongo ulinikamata nikashindwa kumgeuza Baba peke yangu, nikakuomba uje wiki moja unisaidie, baada ya miaka kumi na moja ya kutokanyaga hapa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, mgongo umepona. Sasa kinachouma ni roho.

Jumamosi nilikuacha na Baba nikaenda kanisani. Niliandaa kila kitu tangu Ijumaa kabla jua halijazama, kama ninavyofanya kila wiki. Chakula kilikuwa kimepikwa, Baba ameoshwa, shuka limebadilishwa, jagi la maji liko karibu na mkono wake mzima. Nikakwambia jambo moja tu: leo ni Sabato, usiwashe moto, usifue, usifanye kazi yoyote mpaka jua lizame. Ukaitikia, "Sawa, Dada." Kwa mdomo wako huo huo.

Narudi saa saba, naona moshi tangu barabarani. Nafika langoni, sabuni inanukia. Halafu nasikia mtu anacheka kule uani, nikadhani umekaribisha mgeni.

Alikuwa Baba. Umemkalisha kwenye kiti cha plastiki kama mtoto, beseni miguuni, maji yanatoa mvuke, povu mpaka masikioni, na Baba anacheka mpaka bega lake bovu linatikisika.

Miaka sita tangu kiharusi kimwangushe, mimi ndiye ninayemlisha, ndiye ninayemgeuza, ndiye ninayeijua kila sehemu ya ngozi yake. Nashona sare za shule chumbani kwake ili nimsikie akikohoa. Siku sita namwosha. Siku ya saba anakaa na jasho lake, kwa sababu yeye mwenyewe alitufundisha hivyo. Je, amewahi kunichekea? Hata tabasamu la upande mmoja sijawahi kupewa. Wewe umekuja na beseni moja, tena beseni la kuvunja sheria, ukapewa kicheko kizima.

Na sheria ni ya nani? Si yake? Si yeye aliyekutolea begi nje ulipochukua kazi ya kufulia mashuka ya hospitali kwa sababu zamu zinaangukia Jumamosi? Alisema anayefanya kazi siku ya saba halali chini ya dari lake. Mimi nililala chini ya dari hilo. Nimelala chini yake mpaka leo, sikuolewa, sikuhama. Sasa naambiwa nini? Kwamba yote yale yalikuwa ya bure?

Usidhani naona wivu. Nauliza tu.

Dada yako


Jumapili, 11 Februari

Dada, shikamoo,

Nimekaa chini nikasoma. Nikasimama nikasoma tena. Halafu mwenzangu wa zamu akaniuliza kama nimefiwa.

Nisamehe kwa kukwambia "sawa" huku najua sitatii. Hilo ni kosa, nalipokea. Kuhusu maji, hapana. Saa sita mchana Baba alijichafua, Dada. Mpaka mgongoni. Ningefanyaje? Nimwambie vumilia Baba, jua litazama baada ya saa sita nzima? Umesema wewe ndiye unayeijua ngozi yake, basi unavijua na vile vidonda viwili juu ya makalio. Manesi wetu wanasema uchafu ukikaa pale saa moja tu, kidonda kinakula nyama. Mimi nafua mashuka ya wagonjwa, na sijaona hata mmoja anayejizuia kwa sababu ni Sabato.

Sikucheka sheria yenu. Nilipowasha jiko nilitazama nyuma mara mbili, utadhani Baba atasimama anichape. Nilipommwagia kopo la kwanza akafumba macho, nikasema basi, sasa ananilaani kimoyomoyo. Kumbe anasikia raha! Nikamwambia, "Baba, tutachomwa wote wawili, wewe utatangulia kwa sababu ya umri." Ndipo akacheka. Ni hilo tu. Hakuna uchawi.

Mimi sina elimu yako ya Maandiko. Alikufundisha wewe pale mezani, mimi nikaambiwa nikaoshe vyombo. Ninachojua ni kwamba Yesu aliwashika wagonjwa siku hiyo hiyo ya Sabato, wakubwa wa dini wakanuna. Nikifika mbinguni nikaulizwa kwa nini niliwasha moto, nitasema Baba alikuwa amelowa. Kama jibu hilo halitoshi, basi.

Tena tusemezane ukweli, maana umeanza. Wivu unadhani ni wako peke yako? Wewe alikuwa akikutuma umsomee ibada mbele ya wageni. Mimi akaniita Kiroboto, kwa sababu nilikuwa siketi mahali pamoja. Miaka kumi na moja nimelala kitanda cha bweni la wafanyakazi nikifikiria kwamba wewe unamsikia akikohoa. Ningekupa mshahara wangu wote nisikie kikohozi kile.

Natumaini barua hii haitafika Ijumaa jioni ikafungiwa ndani ya kopo la biskuti mpaka Sabato iishe, kama zamani. Bado lipo lile kopo?

Dada, ananiulizia? Niambie kweli. Mwezi ujao nina likizo ya siku kumi, nataka kuja.

Kikulacho ki nguoni mwako,
Kiroboto


Alhamisi, 15 Februari

Mdogo wangu,

Kopo lipo. Barua ikija Ijumaa jua limezama inaingia humo, haifunguliwi mpaka Jumamosi jua lizame. Simu nazo zinazimwa. Ndivyo tulivyolelewa, sioni cha kuchekesha.

Moshi wako umenifikisha kwenye baraza la wazee wa kanisa. Muuza duka la jirani hakusema kitu, yeye si wa kanisa letu, lakini mama wa nyumba ya nyuma aliona. Nikaitwa mimi, shemasi wa miaka kumi na nne, ninayepanga meza ya Bwana kwa mikono yangu, nikasimamishwa mbele ya wanaume saba kueleza kwa nini nyumbani kwetu kulifuka moshi siku takatifu. Nikasema ni mdogo wangu. Mchungaji mpya, huyu kijana waliyetuletea, akauliza swali moja: "Mzee alikuwa safi?" Nikasema alikuwa safi. Akasema, "Basi tumshukuru aliyemwosha," akafunga daftari.

Tumshukuru aliyemwosha! Siku moja! Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani anamwosha siku nyingine. Nilirudi nyumbani nikashona kola tatu upande usio wake, ikabidi nizifumue.

Unasema mimi nilifundishwa Maandiko. Ndiyo, nilifundishwa. Na nilichoelewa ni kwamba imani bila amri ni kitambaa kizuri kisichoshonwa, huwezi kukivaa ukatoka nacho. Kila mtu anampenda Mungu mdomoni. Nani anamtii akiwa amechoka, akiwa hataki, akiwa hana anayemwona? Mimi namtii. Nilidhani hilo lina uzito mahali fulani.

Umeuliza kama Baba anakuulizia. Hakuulizii. Tangu uondoke hajatamka jina lako. Nilipomtajia habari ya likizo yako, alitikisa kichwa akasema usije. Maneno yake ni machache siku hizi, lakini hilo alilisema likasikika. Nadhani akili ilipomtulia, aliona haya kwa yaliyotokea pale uani.

Kwa hiyo usije. Si mimi ninayekataa.

Dada yako


Jumanne, 20 Februari

Dada, shikamoo,

Nimekuelewa.

Likizo nimempa mwenzangu, anamwoza binti yake.

Namtumia Baba mafuta haya ya vidonda, nesi mkuu amenichagulia. Safisha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kausha bila kusugua, halafu paka kidogo tu. Mgeuze kila baada ya saa mbili. Mwekee mto kati ya magoti. Mweleze yametoka dukani, usimwambie yametoka kwangu, asije akayakataa.

Nilijua. Yaani nilidhani najua, lakini siku ile alipocheka nilijidanganya. Kosa ni langu.

Sina utani leo.

Mdogo wako


Jumapili, 10 Machi

Mdogo wangu,

Kimya chako kirefu. Au ni changu.

Mafuta yamefaa. Kidonda cha kushoto kimefunga, cha kulia kinaanza kukauka. Nimefuata ulivyoandika, hata huo mto wa magoti. Nilimwambia yametoka dukani kama ulivyotaka. Alinitazama muda mrefu sana.

Mama wa nyumba ya nyuma amenipa pole ya mgongo. Sare za muhula mpya zimeniletea kazi nyingi, mashati sitini na suruali zake, kwa hiyo kila Jumatatu na Alhamisi napeleka mzigo shuleni, na mchungaji anakuja kukaa na Baba. Alijitolea mwenyewe. Sijui wanafanya nini. Nikirudi wananyamaza kama wanafunzi walioficha kitu, na Alhamisi nilimkuta Baba ana wino kwenye vidole. Nikauliza. Mchungaji akasema kalamu ilivuja. Kalamu ya nani, na Baba anaandika nini?

Hata mchungaji anapendwa kuliko mimi, ndivyo ninavyoona. Kwangu anafumba macho. Nikiingia na uji anafumba macho.

Wewe uko salama? Unakula? Huandiki.

Dada yako


Jumatano, 13 Machi

Kwa dada mpendwa katika Bwana,

Hunijui. Mimi ni mchungaji wa kanisa la kwenu. Baba yako ameniomba nikutumie karatasi iliyo ndani ya bahasha hii. Ameiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, amekaa nayo siku nne nilizomtembelea, na sikurekebisha hata herufi. Dada yako hajui. Sipendi siri, lakini mzee alinishika shati akakataa kuliachia mpaka nilipokubali.

Mchungaji

KIROBOTO
MBONA HUJI
KILA SIKU NASEMA KIROBOTO
MAJI YA SABATO MATAMU
BABA


Jumanne, 19 Machi

Dada, shikamoo,

Nimepata barua ya Baba. Ndiyo, ya Baba, kwa mwandiko wake, herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea. Ule wino uliouliza ndio huo. Anasema kila siku anasema jina langu. Kila siku, Dada! Na wewe uliniandikia kwamba hajalitamka.

Njia ya mwongo ni fupi, ila sikutegemea mwongo awe wewe. Ungeniambia mimi nadanganya, ningekubali, mimi Kiroboto. Lakini wewe ambaye huchomi hata kijiti cha kiberiti siku ya Sabato! Katika zile amri kumi, ya siku ya mapumziko umeishika kwa mikono miwili. Ya kutosema uongo uliiangusha wapi?

Sitaki kugombana kwa barua. Nakuja. Likizo sina tena, nina siku moja tu isiyo na zamu, nayo ni Jumamosi hii, tarehe 23. Sikuichagua ili nikuudhi. Nitafika na basi la asubuhi, kama saa tatu na nusu, na saa sita lazima nipande la kurudi kwa sababu Jumapili alfajiri naingia kazini. Barua hii itakufikia Alhamisi, kwa hiyo una muda wa kufikiri.

Sitawasha moto. Naapa. Nitakaa tu karibu naye. Usibaki nyumbani kwa ajili yangu, nenda kanisani, ila niachie lango wazi. Nikikuta limefungwa nitajua hilo ndilo jibu lako, na sitakusumbua tena.

Mdogo wako


Jumamosi, 23 Machi, jua limezama sasa hivi

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Nimefungua barua yako dakika kumi zilizopita. Haikufika Alhamisi. Muuza duka, ambaye barua zetu zinapitia sanduku lake la posta, alikuwa msibani, hakulifungua mpaka Ijumaa, akaniletea bahasha wakati anafunga duka, jua limeshatua. Niliona mwandiko wako. Nilitamani kuifungua, Mungu anajua, niliigeuza mara tatu. Halafu nikaitia kwenye kopo, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, nikalala, nikaamka, nikafunga lango kama ninavyolifunga kila Sabato kwa ajili ya wezi, nikaenda kanisani kuimba.

Naapa sikujua. Najua kiapo changu kwako sasa hakina thamani. Safari hii nasema kweli, na sina namna ya kukufanya uamini, kwa sababu mara ya kwanza nilikudanganya.

Niliporudi saa saba nilimkuta Baba sakafuni. Chini ya dirisha la kichochoroni. Amejikokota kutoka kitandani mpaka pale, kiwiko kimechubuka, shavu limegusa saruji. Nikadhani alitaka maji. Nikamgombeza. Jagi lilikuwa hapo hapo karibu na mkono wake, nikamgombeza kwa nini hakunywa. Alikuwa akionyesha dirisha kwa kidole na mimi nasema, "Baba, acha, nimefunga dirisha, hakuna baridi."

Ulikuja dirishani, sivyo? Ulizunguka kichochoroni ukasema naye kupitia nondo. Sasa naelewa. Ulimuaga, na yeye akataka kukufuata.

Hajavunjika. Nimemtazama kila mahali, na yule daktari mstaafu wa mtaa wa pili amekuja akasema ni mchubuko tu.

Ngoja niandike sasa kabla sijaogopa. Baba hakusema usije. Siku ile nilipomtajia likizo yako alifurahi, akapiga godoro kwa mkono wake mzima, paf paf paf. Nikatoka nje nikasimama karibu na kamba ya nguo nikihema. Nilikuwa na wivu. Si ule wa kusema "nauliza tu." Wivu wenyewe, wa kumtaka mtu asiwepo. Kila asubuhi naingia na beseni, ananiangalia, anasema, "Kiroboto?" Namjibu, "Hapana Baba, ni mimi." Anafumba macho. Wiki saba sasa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Usinijibu hilo. Wewe usingedanganya.

Dada yako


Jumatano, 27 Machi

Dada,

Nimekusoma.

Ndiyo, nilikwenda dirishani. Langoni nilikuta kufuli. Nilipiga simu, imezimwa. Nilijiambia haya, amejibu. Nilifikiria kuja kanisani nikakutoe kwenye benchi mbele ya watu wote, nikaona aibu itakuwa yangu, mimi ndiye niliyetengwa pale. Nikazunguka kichochoroni. Nilipoita "Baba" alinijibu mara ya kwanza tu, hakuuliza nani. Tulizungumza kwa saa mbili nzima. Yaani mimi nilizungumza, yeye akawa anasema "eee." Nilimsimulia mashine mpya ya kukausha inavyokula soksi. Kitanda kilikuwa upande wa pili, nilikuwa naona miguu yake tu. Saa sita kasorobo nikamwambia nakwenda, akaanza kuita. Nikakimbia ili nisimsikie. Sikujua ameanguka. Nisingeondoka.

Unadhani sikuamini habari ya kopo. Naiamini. Nakujua, hilo ni lako kabisa. Na ndilo linaloniuma zaidi kuliko uongo. Uongo uliusema kwa sababu una wivu, na wivu naujua, nimelala nao. Ungekuwa umenifungia lango kwa chuki ningekutukana, tungelia, tungemaliza. Lakini hukuwa na chuki yoyote Jumamosi ile, Dada. Ulikuwa unamtii Mungu, na Baba yuko sakafuni. Mimi sijui nimkasirikie nani.

Nina swali moja. Umeungama kwangu, vizuri. Umemwambia Baba? Yeye ndiye aliyekaa wiki saba akijiuliza kwa nini siji.

Mdogo wako


Jumapili, 31 Machi

Mdogo wangu,

Nimemwambia.

Jana sikwenda kanisani. Ni Sabato ya kwanza kukosa tangu Mama azikwe. Nilimwambia mchungaji nina kesi nyumbani, hakuuliza. Nilivuta kiti mpaka kitandani nikakaa mikono mitupu, bila sare, bila uji, na sikujua mikono niiweke wapi. Nikasema, "Baba, Kiroboto alitaka kuja, mimi nikamwandikia kwamba wewe hutaki. Ulisema aje, nikageuza."

Akasema, "Najua."

Nikamuuliza, kama ulijua kwa nini hukunisema? Kwa nini ukamwandikia kwa siri, ukamsumbua mchungaji wa watu, kumbe mimi niko hapa saa zote? Ilimchukua muda kulitoa. Midomo ilihangaika, mate yakamtoka, nikampangusa. Akasema, "Nakuogopa."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia.

Miaka sita nimetaka anipende, kumbe ananiogopa. Anafumba macho nikiingia na uji kwa sababu ananiogopa. Siku za Sabato analala kwenye uchafu ananyamaza kwa sababu ananiogopa, wakati mimi najua ananyamaza kwa sababu anaheshimu amri. Nilitaka kumwambia amri ni zako, Baba, mimi nilizichukua kwako. Aliona mdomo wangu umefunguka. Akanyanyua mkono wa kushoto akaniwekea kidole kifuani, halafu akajigusa cha kwake. "Kama mimi," akasema. Tukakumbuka wote wawili, nadhani. Tulivyokuwa tukisikia viatu vyake mlangoni, wewe unajificha nyuma ya pipa la maji, mimi nafungua Kitabu haraka nijifanye nasoma. Sikuwa nasoma, mdogo wangu. Na wewe ulidhani mimi nimependelewa! Nilikuwa naogopa tu kwa sauti nzuri.

Nililia. Halafu, naona haya kukuandikia hili, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nikamuuliza, "Lakini unanipenda?" Akasema, "Sana." Ningeishia hapo. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikauliza tena, "Kuliko Kiroboto?"

Akacheka. Alicheka mpaka bega likatikisika, mpaka nikaogopa atapaliwa, na mimi nikaanza kucheka huku nalia, makamasi kila mahali. Mama wa nyumba ya nyuma lazima alisikia. Hakunijibu, lakini. Mpaka sasa naandika hajanijibu, na nimemzunguka na uji mara tatu nikingoja.

Mchana alijichafua. Niliwasha jiko. Sikutazama nyuma kama wewe, nilikasirika tu kwamba kiberiti kilikuwa na unyevu. Usidhani nimeacha Sabato. Jumamosi ijayo nitakwenda kuimba, na chakula nitakipika Ijumaa. Naipenda siku ile, sitaki mtu aninyang'anye. Ila nimemwomba mchungaji atafute mtu mwingine wa kupanga meza ya Bwana kwa muda. Alisema si lazima. Nikamwambia najua si lazima.

Sasa nisikilize. Omba likizo ya bila malipo, au acha kazi, au sema umefiwa na dada, vyovyote. Njoo ukae. Chukua chumba changu, kiko ukuta mmoja na cha Baba, utasikia kila kikohozi. Mimi nitahamia cha mbele na cherehani yangu. Asubuhi utaingia wewe na beseni, akiuliza "Kiroboto?" atakuwa hajakosea.

Nimeandika sentensi hiyo, nusura niifute. Nitakuwa kule mbele nikiwasikia mnacheka na nitashona kola upande usio wake. Siku zote niliamini mtu anajisafisha kwanza, ndipo anakaribia kwa Mungu, ndipo anatenda jema. Nimeomba wiki nzima niondolewe wivu huu ili nikuite kwa moyo mweupe. Haujaondoka. Uko hapa, unasoma barua hii begani kwangu.

Lakini daktari mstaafu amemsikiliza Baba kifua, na hakunitazama usoni alipomaliza. Nikisubiri wivu uishe ndipo nikuite, Baba ataisha kwanza. Njoo unikute hivi hivi.

Dada yako